Kibao changu cha nje kimepewa notisi. Je, jiji lina haki?

Swali: Nina duka dogo la vifaa vya kuandikia kwenye mtaa wenye watu wengi. Mlango wangu umeingia ndani kama mita moja kutoka usawa wa maduka ya pembeni, kwa hiyo mpita njia halioni duka mpaka alifikie. Nimeweka kibao cha kusimama, kile cha miguu miwili kinachofunguka, karibu na ukingo wa barabara. Sasa nimepewa notisi ya kukiondoa ndani ya siku saba. Majirani wana vibao kama changu na hawajaguswa. Leseni yangu ya biashara iko hai na kodi nalipa. Je, jiji lina haki ya kufanya hivi? Na kama ipo njia ya kukirudisha, ni ipi?

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na sehemu usiyotaka kuisikia. Karibu kila jiji linalosimamia barabara zake lina haki hiyo, na leseni yako ya biashara haibadilishi chochote. Sehemu ya pili ni nzuri zaidi: ndani ya maelezo yako mwenyewe kuna suluhisho, nami nitalifikia baada ya kueleza kwa nini kibao kimekataliwa pale kilipo. Kwa leo kiingize ndani. Siku saba ulizopewa ni za kujiandaa, usizimalize kwa kubishana na aliyekuletea karatasi.

Leseni ya biashara inakuruhusu kufanya shughuli fulani ndani ya chumba fulani. Ikitoka mlangoni inakosa nguvu. Mbele ya mlango kuna ardhi ya aina mbili, na wenye maduka wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ile iliyobaki ndani ya kiwanja cha mwenye jengo: kibaraza, ngazi, uwazi wa mbele ya mlango. Ya pili ni hifadhi ya barabara, yaani ardhi ya umma iliyotengwa kwa ajili ya barabara, na njia ya waenda kwa miguu ni sehemu yake. Mpaka kati ya hizo mbili mara nyingi hauonekani. Vigae vinaweza kuendelea bila mshono kutoka kwenye kibaraza chako hadi barabarani, huku mpaka wenyewe ukipita katikati yao. Ramani ya kiwanja aliyonayo mwenye nyumba ndiyo itakayokuonyesha mpaka huo unapopita, kwa hiyo mwombe akuonyeshe kabla hujaandika barua yoyote.

Kitu kikishasimama kwenye hifadhi ya barabara, swali la sheria linakuwa fupi: nani alikuruhusu kukiweka hapo? Chukua Sheria ya Barabara ya mwaka 1980 inayotumika England na Wales. Kifungu cha 137 kinasema kuziba kwa makusudi upitaji huru wa watu kwenye njia ya umma, bila idhini au sababu ya kisheria, ni kosa. Kifungu cha 149 kinaipa mamlaka ya barabara uwezo wa kutoa notisi ili kitu kilichowekwa njiani kikawa kero kiondolewe. Na kama kitu hicho ni cha hatari, inaweza kukiondoa yenyewe bila kungoja notisi. Kifungu cha 132 kinakataza kubandika maandishi au picha kwenye mti au nguzo ya barabarani bila ruhusa. Nakitaja hicho cha mwisho kwa makusudi, maana wenye maduka wengi wakinyimwa kibao cha kusimama hukimbilia kufunga bango kwenye nguzo ya taa, wakadhani wamekwepa, kumbe wamehama kutoka kifungu kimoja kwenda kingine. Nchi nyingine zina majina na namba nyingine za sheria, na miji ina sheria zake ndogo juu ya hizo, ila mantiki ni hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye kiini chenyewe. Mwenye duka hupima kibao chake. Jiji hupima kinachobaki baada ya kibao. Ndiyo maana unaweza kuwa na kibao kidogo, safi, chenye maandishi mazuri, na bado kikaondolewa, huku kikubwa zaidi mtaa wa pili kikiachwa.

Tuseme njia iliyo mbele yako ina mita 2.4 kutoka ukutani hadi ukingoni, na kibao kina upana wa sentimita 60. Ukikisimamisha sentimita 30 kutoka ukingoni, kinakula sentimita 90 na kubakiza mita 1.5 hadi ukutani. Hapo hakuna shida. Lakini jirani akiwa na rafu ya bidhaa inayotokeza sentimita 40 kutoka ukutani, sawa na kibao chako kilipo, imebaki mita 1.1. Weka na mteja wake anayesimama mbele ya rafu akichagua, na sasa hata mtu mmoja mwenye mzigo atashuka barabarani. Jiji halitajali ni nani aliyetangulia kuweka kitu chake. Linapima mahali pembamba zaidi, kutoka kwenye kibao hadi kitu cha karibu kabisa kinachozuia: nguzo, mti, pipa la taka, kisanduku cha umeme, baiskeli iliyofungwa.

Mita ngapi zinatosha? Vipimo rasmi vinatofautiana, ila vyote vinatokana na mwili wa mtu na kiti cha magurudumu. Viwango vya Marekani vya ufikivu kwa watu wenye ulemavu huhesabu kwamba kiti chenye mtu ndani yake kinahitaji eneo la milimita 760 kwa 1,220, na huweka milimita 915 kuwa upana wa chini wa njia ya kupita kwenye majengo na viwanja vyake. Kwa njia za kando ya barabara, mwongozo uliotolewa na bodi ya ufikivu ya nchi hiyo mwaka 2023 umeongeza kima hicho hadi milimita 1,220, tena ukitaka pawe na nafasi za kupishana pale njia inapokuwa nyembamba kuliko milimita 1,525. Mwongozo wa serikali ya Uingereza unataka mita 2 katika hali ya kawaida, unakubali mita 1.5 pale isipowezekana, na mita 1 pekee pale penye kizuizi kisichoepukika, kwa urefu usiozidi mita 6. Kibao chako, bila shaka, ni kizuizi kinachoepukika kabisa. Ushauri wangu ni kwamba hata kama sheria ndogo ya jiji lako inaruhusu mita 1.2, usiombe kibali kwa hesabu iliyo chini ya mita 1.5, maana ofisa atakayekuja kukagua atakuta kibao kimesogea, na kisichoachiwa ziada, kikisogea hata sentimita mbili, kitakuwa kimekwisha vunja sharti.

Kuna jambo la maumbo ambalo halisemwi sana. Kibao cha miguu miwili kina manufaa kikiwaelekea watu wanaotembea, yaani uso wake ukate njia. Kikigeuzwa uso uelekee barabara, kinaweza kuchukua upana mdogo zaidi, lakini wapita njia wanaona ubavu tu, na wao ndio wateja wa duka dogo. Kwa hiyo kibao kinachofanya kazi vizuri ndicho kinachoziba zaidi. Ugomvi huu umo ndani ya kifaa chenyewe, na hakuna namna ya kukipaka rangi ukauondoa.

Upana ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mtu asiyeona, na hapa ndipo kanuni ambazo wenye maduka huziona za ajabu zinapopata maana. Anayetembea na fimbo nyeupe huipitisha kulia na kushoto chini mbele yake, na wengi hufuata ukuta wa majengo kama mwongozo wa kuwaweka kwenye mstari. Kila kilichoegemezwa ukutani kinaukata mwongozo huo. Ndiyo sababu jiji la Melbourne, Australia, linataka ukanda ulio kando ya majengo uachwe wazi, na vitu vya maduka viwekwe upande wa barabara. Miji mingine hutaka kinyume chake: kibao kigusane na ukuta wa duka, ili katikati na upande wa barabara pabaki wazi kwa ajili ya wengi. Nimeona watu wakigombania upande upi ni sahihi. Kwangu mimi hoja ya Melbourne ina nguvu zaidi, lakini kikubwa kuliko upande ni mtaa mzima kufuata upande mmoja. Njia ambayo vibao vinapishana, kimoja ukutani, cha pili ukingoni, cha tatu katikati, inamlazimisha asiyeona kuijifunza upya kila asubuhi.

Kisha kuna kimo. Viwango hivyo vya Marekani vinasema kitu ambacho ukingo wake uko kati ya milimita 685 na milimita 2,030 kutoka chini kisitokeze kwenye njia zaidi ya milimita 100. Sababu yake ni fimbo: kilicho chini ya milimita 685 fimbo itakigusa kabla ya mwili, na kilicho juu ya mita mbili kichwa kitapita chini yake. Kilicho katikati humgonga mtu kifuani au usoni bila onyo. Ukitaka kununua kibao kingine, kumbuka hilo na ukwepe vile vya uso mpana juu ya mguu mmoja mwembamba. Kwepa pia vyenye kitako kilichopanuka kupita uso, kwani hicho ndicho kinachowakwaza hata wanaoona. Kibao kibaya kuliko vyote ni kilichoangushwa na upepo kikalala kifudifudi njiani, na hapo uzito unakuwa suala la sheria pia: miji mingi inayotoa kibali hutaka kibao kisichopeperuka, lakini kisichofungwa kwa mnyororo kwenye mali ya umma.

Ulisema kibao chako kilikuwa karibu na ukingo wa barabara. Pale kuna hatari zake: kuficha magari yanayokuja kwenye makutano au kwenye kivuko, kuzuia mlango wa gari lililoegeshwa, kusimama juu ya vigae vya vinundu vinavyowaongoza wasioona, kuziba kituo cha basi au bomba la maji ya zimamoto. Kama kimojawapo cha hivyo kiko mbele ya duka lako, usijisumbue kuomba kibali cha eneo hilo.

Kuhusu majirani, naelewa uchungu wako, ila hoja hiyo haitakusaidia. Ukaguzi wa vibao kwa kawaida huenda kwa malalamiko: mtu mmoja amelalamika juu ya kibao kimoja, na ofisa ametumwa hapo hapo. Kwamba wengine hawajakamatwa si utetezi mbele ya sheria. Na ukiwataja, matokeo yanayotarajiwa ni kwamba nao watapewa notisi, mtaa mzima ukose vibao na wewe upate maadui. Unachoweza kudai kwa haki ni jiji lieleze kwa maandishi vigezo linavyotumia, ili navyo vitumike kwa wote.

Vile vile, wingi wa vibao vya majirani ni sehemu ya tatizo lenyewe. Kimoja kinaacha nafasi. Ishirini vinageuza njia kuwa ya kupinda kulia na kushoto. Hiyo ndiyo hoja iliyolipeleka jiji la Edinburgh, Scotland, kwenye katazo la jumla mwezi Novemba 2018, ambapo vibao vya matangazo vya kuhamishika vilipigwa marufuku kwenye njia za jiji zima. Wenye maduka madogo, hasa wa vichochoroni na wa ghorofa za chini ya ardhi, walilalamika kwamba wao ndio wasioonekana bila kibao, na malalamiko hayo yana uzito. Hata hivyo namwelewa aliyeandika katazo. Kanuni yenye vipimo inahitaji ofisa mwenye futikamba kila mtaa, kila siku. Katazo la jumla linahitaji macho tu.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kujua ni jiji lako liko kundi gani. Yapo yanayokataza kabisa. Yapo yanayoruhusu bila karatasi yoyote mradi masharti ya upana, kimo na mahali yatimizwe. Na yapo ya kibali, ambacho hulipiwa kila mwaka na huja na masharti: kibao kimoja kwa kila duka, kikae mbele ya duka lenyewe, kitoke wakati wa saa za biashara tu, kisiwe na taa wala kuzunguka, na mwombaji awe na bima inayomlipa mtu wa nje akiumia kwa sababu ya kibao hicho. Bima usiichukulie kama urasimu. Mtu akianguka kwenye kibao kisicho na kibali, jiji litasema halikukiruhusu, bima yako inaweza kusema vivyo hivyo, na wewe utabaki peke yako mbele ya hakimu.

Watu huuliza pia kama jiji linaweza kuwapangia cha kuandika. Katika nchi nyingi lina nafasi kubwa kwenye matangazo ya biashara. Marekani pana mipaka iliyochorwa na Mahakama ya Juu. Mwaka 2015 mji wa Gilbert, Arizona, ulishindwa na kanisa dogo lililokuwa likiweka vibao vya kuelekeza watu kwenye ibada zake. Kanuni za mji huo ziliruhusu vibao vya namna hiyo vikae saa 12 kabla ya tukio na saa moja baada yake, huku vibao vya siasa na vya maoni vikipewa uhuru zaidi. Mahakama ilisema kanuni inayobagua vibao kwa yaliyoandikwa lazima ipite kwenye chujio kali sana. Mwaka 2022, katika kesi ya jiji la Austin, Texas, mahakama hiyo hiyo ikakubali kwamba kutofautisha kibao kinachotangaza kilichopo mahali pale na kinachotangaza kilichopo kwingine hakuhesabiwi kuwa ubaguzi wa aina hiyo. Matokeo yake kwa mwenye duka ni rahisi: kanuni nyingi zimeandikwa juu ya ukubwa, mahali na muda, na sharti la kutangaza duka lako tu, mahali lilipo, lina nguvu. Usikubali basi kubadilisha maandishi ukadhani umetibu tatizo la mahali.

Tufike kwenye duka lako. Umesema mlango umeingia ndani mita moja. Mita hiyo, kama ramani inathibitisha iko ndani ya kiwanja, si hifadhi ya barabara. Kibao kikisimama ndani ya uwazi huo, kimebanwa upande mmoja, hakipunguzi hata sentimita ya njia ya umma. Bado utahitaji ruhusa ya mwenye nyumba, na kanuni za matangazo zinaweza kugusa hata ardhi binafsi, lakini umeondoka kwenye sheria ya vizuizi, ambayo ndiyo kali. Hakikisha tu hakibani njia ya kutokea wakati wa dharura wala hakizuii mlango kufunguka hadi mwisho.

Utasema kibao kikiwa ndani ya uwazi hakitaonekana kwa mbali. Kweli, na hicho kinanifanya nikushauri utumie pesa yako kwenye kitu kingine: kibao kinachotokeza ukutani kwa mkono wa chuma, juu ya vichwa vya watu, uso wake ukikata njia. Hiki kinasomwa na wale wale uliowalenga kwa kibao cha chini, kinaonekana kutoka pande mbili, na hakiangushwi na kigari cha mtoto. Kwa sababu duka lako limejificha nyuma ya usawa wa majirani, kibao cha bapa juu ya mlango hakitakusaidia, ila hiki cha ubavuni kinafika pale jicho la mpita njia lilipo. Chini yake pabaki angalau milimita 2,030 nilizozitaja, na miji mingi hudai zaidi ya hapo, kwa hiyo ulizia kabla fundi hajatoboa ukuta. Hiki nacho huhitaji kibali, kwa kuwa kinaning'inia juu ya njia ya umma, na bolti zake zitakaguliwa. Kama jengo limehifadhiwa kwa thamani yake ya kihistoria, tarajia ruhusa ya ziada na muda mrefu. Kwa maandishi, watengeneza mabango wana kanuni ya kazi: kimo cha herufi cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali ambao unataka isomeke vizuri. Ukitaka kuonekana mita 15 kabla ya mlango, herufi za sentimita 12 au 13 zinatosha, na maneno mawili makubwa yatafanya kazi kuliko orodha ya bidhaa tisa.

Sasa ile notisi. Isome uone mambo matatu: kifungu gani cha sheria ndogo kimetajwa, mwisho wa muda ni lini, na rufaa hupelekwa wapi. Mengine ni maelezo. Kisha piga picha za njia ikiwa na watu na ikiwa tupu, chora mchoro wenye vipimo kutoka ukutani hadi ukingoni, nguzo na miti ikionyeshwa, na uandike barua fupi: kibao kimeondolewa tarehe fulani, unaomba nakala ya kanuni, na unaomba kibali kwa mahali uliloonyesha kwenye mchoro. Barua ya mtu aliyekwisha kutii husomwa kwa jicho lingine. Ukitozwa chochote, kilipwe kwenye akaunti ya jiji na stakabadhi uihifadhi. Kama kibao kilichukuliwa, uliza mapema ghala lake na tarehe ya mwisho ya kukikomboa.

Ukipewa kibali cha kukirudisha nje, nakala yake ikae dukani mahali ambapo msaidizi wako anaweza kuionyesha usipokuwepo, pamoja na mchoro wenye kipimo cha mahali kibao kinaposimama. Na sharti la kukiingiza ndani wakati wa kufunga mpe mtu mmoja alisimamie, vinginevyo kila mmoja atadhani mwenzake amekwisha kukiingiza.